Ulikula Mikononi Mwangu Mbele Yao

Mama mkwe wangu,

Miezi minne imepita tangu tukuzike, na hapa Kikula, mtaani kwetu Likasi, bado kuna watu wanaovuka barabara wakiniona. Wavuke. Mimi napita palepale katikati, na salamu nawapa kwa sauti, ili wasiseme sikuwaona.

Nakumbuka siku ya kwanza ya kukuogesha hospitalini. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, na huku kwetu mgonjwa hupikiwa na kuogeshwa na watu wake. Binti yako Beatrisi, dada mkubwa tunayemwita Yaya, alikuwa bado mjini Kolwezi. Mwanao, mume wangu, asingeweza kumvua nguo mama yake mzazi. Nikabaki mimi, mke wa mwana, ambaye kwa desturi hakupaswa kuona hata goti lako. Ulijifunika uso kwa kikwembe. Nilikuosha nimegeuza macho pembeni, hadi maji yakamwagikia kitanda. Ndipo nikasikia unacheka chini ya kile kitambaa.

"Mama Ruti, unaogopa nini? Mahali bwana yako alitokea ndo hapa. Osha tu."

Tulicheka mpaka mama wa kitanda cha jirani akauliza kuna nini.

Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa. Daktari alitaka kutuita pembeni, ukamkatalia, akalazimika kusema mbele yako kwamba kilichobaki ni kukupunguzia maumivu. Harufu ilikuwepo, sitaificha. Wageni walikuja wameziba pua kwa leso, nawe ukawaambia, "Kama inakusumbua, fungula dirisha, halafu ukae." Wengi hawakukaa.

Mimi ningekaaje mbali nawe? Nilipoolewa, ndugu zako walinung'unika kwamba kijana wao ameleta binti wa watu wa Kasai, si wa kwao. Hukubishana nao. Ulinipandisha gari la mizigo hadi ziwani Tshangalele, ulikokuwa unanunua samaki, ukanifundisha kufunua matamvua na kutazama kama bado ni mekundu. Ukawaambia wavuvi, "Huyu ni mutoto yangu. Musimudanganye." Tangu siku ile nilikuwa na kazi, na nilikuwa na mama.

Kisha Beatrisi akafika, na nyuma yake akaja nabii wa kanisa lake. Aliomba juu ya kitanda chako, akafumbua macho, akasema anayekupikia ndiye anayekula mwili wako. Hakutaja jina. Hakuhitaji kulitaja, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika sufuria.

Kesho yake Beatrisi alinisubiri mlangoni mwa wodi. Aliupokea mchuzi wangu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akaumwaga kwenye mfereji.

"Rudia kwako, mulozi," akasema.

Sikurudi kwangu. Niliketi kwenye ngazi za wodi, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, kila mara na chakula kipya. Watu walipita wakinitazama kama wanavyotazama kitu kilichogongwa na gari. Mume wangu alipita pia. Alisema, "Ngoja kidogo, mambo yatatulia." Nikamwambia mama yake hana muda wa kungoja mambo yatulie.

Ndani wewe ulikuwa umefunga mdomo. Uji wa Beatrisi uliugeuzia shavu. Ulipouliza niko wapi, walikwambia nimesafiri. Siku ile ya tatu, saa ya wageni mchana, mlinzi alinitaka niondoke, nikamjibu kwa sauti kubwa kwamba mgonjwa wangu yuko ndani na mguu wangu hautoki hapa. Ukaisikia sauti yangu. Wanasema ulijiinua mwenyewe, wewe ambaye kugeuzwa tu kulihitaji watu wawili.

"Muniletee Mama Ruti!"

Niliingia. Walikuwa wamejaa: wajomba, Beatrisi, nabii na kitabu chake, na mume wangu ameegemea ukuta akitazama viatu vyake. Wagonjwa wengine waligeuka vitandani ili watazame.

"Nani alisema huyu ni mulozi?" uliuliza.

Beatrisi akamtazama nabii wake. Ukaendelea:

"Miye niko na kansere. Dokta alisema, na miye nilisikia. Haiko muntu mwenye ananikula. Kama munamuogopa, tokeni. Mama Ruti, lete ile sahani."

Nabii akaanza, "Mama, roho inasema..."

"Roho ingoje. Niko na njaa."

Nikakata tonge la bukari, ugali wetu, nikalichovya kwenye mchuzi, nikakulisha. Uliifungua midomo yako iliyopasuka, ukatafuna polepole, macho yako kwa Beatrisi. Tonge la pili. La tatu. Kisha ukamgeukia mwanao: "Na weye, Baba Ruti, mudomo yako iko wapi?" Alilia, Mama. Halafu akachukua ndoo, akapita katikati ya wajomba zake, akaenda kunitekea maji.

Walipotoka wote ulitapika kila kitu. Ulinishika mkono ukaninong'oneza, "Usibaambie." Sikuwaambia. Leo naliandika hapa kwa sababu nataka wajue kwamba tumbo lako lilikataa chakula na wewe ukakila hivyohivyo.

Uliishi wiki tatu zaidi, na hakuna aliyenizuia tena. Uliondoka asubuhi, kichwa chako mapajani mwangu. Kwenye kilio walinitandikia mkeka nje, karibu na lango. Niliuvuka, nikaingia, nikaketi kando ya mwili wako, na mume wangu akaja kusimama nyuma yangu. Makaburini, msoma wasifu alisema umekufa kwa "ugonjwa wa muda mrefu." Nilisimama. Nilisema ni saratani ya shingo ya kizazi, inagundulika kwa vipimo, na kama ungepimwa mapema huenda tusingekuwa hapa. Nilisema hakuna mtu aliyekula mtu. Mjomba mmoja alinivuta kikwembe nikae. Nikamaliza kwanza ndipo nikakaa.

Na sasa, Mama, nikwambie kwa nini nakuandikia leo.

Beatrisi amekuja. Alisimama mlangoni mwa jiko langu, hakusalimu.

"Mama Ruti, natoka damu huku chini. Iko mwezi mbili sasa."

"Uliambia nani?"

"Weye tu."

"Na nabii?"

Alitikisa kichwa. Nilitaka kumwambia mengi, na yote nilikuwa nimeyaandaa tangu zile ngazi za hospitali. Nilimsogezea kiti.

Sijamsamehe. Sitakudanganya wewe. Lakini kesho asubuhi naenda naye kwa dokta, na akijaribu kugeuka njiani nitamshika mkono mbele ya Likasi yote. Anayetaka kuniita mulozi aniite. Tutakaa kwenye benchi hadi wampime, na jibu tutalisikia wote wawili, ugonjwa ukitajwa kwa jina lake.

Kaa vizuri huko, Mama. Niishie hapa, nimtandikie kitanda. Nimemwambia alale kwetu, asije akatoroka.

Mkwe wako,
Mama Ruti