Fremu ya Njiwa ya Mama Nabalayo

Jumanne, 4 Machi 2025

Mama Nabalayo, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa sokoni Otonglo mkabala na studio yangu, amekuja kupigwa picha. Jumamosi anafikisha miaka sitini. Kitenge kipya. Kilemba kirefu mpaka akainama mlangoni, kuingia na kutoka.

Picha ilitoka safi. Shida ilikuwa fremu. Nikamwonyesha zote kwenye komputa. Ya baluni — hiyo ni ya watoto. Ya dhahabu — anafanana na mgombea kiti, watu watamwomba harambee. Kisha akaona njiwa wawili weupe, mshumaa, na utepe mweusi kwenye kona.

"Hiyo."

Nikamwambia, Mama, hiyo ni ya matanga. Akasema njiwa ni Roho Mtakatifu, mshumaa ni wa keki, na mweusi unamfanya aonekane mwembamba. Nikaiweka.

Nilitaka kuandika "Heri ya kuzaliwa". Akakataa, maneno yataziba kilemba. Badala yake niandike 1965–2025, watu wasihangaike kuhesabu. Nikamwambia Mama, hicho kistari katikati kinaua mtu. Akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Nimeandika. Mwenye uso ni yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Jana aliituma picha kwenye grupu ya ukoo. Leo imejaa pole. Lala salama, mama wa watu. Umetuacha mapema. Mwingine tayari anauliza nani atapika.

Mama Nabalayo akarekodi sauti: ni mimi ninaongea, na sijafa. Binamu yake akajibu kwamba ni ujumbe mzuri sana, ameurekodi lini, hospitalini?

Tulicheka hapa mpaka wateja wakatuangalia. Mchana ameanza kuwapigia mmoja mmoja. Wameamini, wengine shingo upande.

Halafu akarudi kwenye grupu. Akapitia kwa kidole majina yote ya waliotuma pole. Ndugu yake Khaemba hajatuma neno, hata kupitia mtu. Ndiye kitinda mimba wao, yuko nyumbani kwao Kimilili. Hakutaka dada yake aolewe huku ziwani, na siku ya harusi hakuja. Tangu hapo, kimya.

"Hata kufa kwangu hakumsumbui," akasema. Nikafanya mzaha, basi tuweke fremu ya baluni. Hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi

Ninaandika hii kaunta, mambo yakiendelea.

Mama Nabalayo amekuja kujipodoa kwa picha ya keki. Yuko nyuma ya pazia. Akaingia mzee mrefu, suti ya kanisa, viatu vimejaa vumbi, jogoo kwapani. Akavua kofia.

"Mimi ni Khaemba. Ndugu wa marehemu."

Hana simu ya kupokea picha. Jirani ndiye alimwonyesha, na jina la studio yangu liko pale chini. Anataka nimkuzie picha, aibebe mwenyewe mbele ya jeneza. Nikafungua mdomo nimweleze. Amekaa kwenye stuli ya wateja, ameanza kulia. Anasema dada yake alikuwa anambeba mgongoni kuvuka mto, yeye analala, dada maji kiunoni.

Nikaingia nyuma ya pazia. Mama ameketi, rangi iko mdomo wa juu tu. Nikamnong'oneza, nimwambie?

Akanishika mkono. "Ngoja aendelee kusimulia. Bado hajafika kwa harusi."

Nimerudi, nimechukua kalamu. Mzee anafikiri naandika saizi ya picha. Amejipangusa kwa kofia. Hataki njiwa. Anaomba fremu ya maua, ile wanayowekewa maharusi.

Nikamuuliza, ya maharusi kwa nini, Mzee?

Amemsogeza jogoo kwapani.

"Siku ile nilivaa suti hii hii. Nilifika mpaka Maseno, hapo karibu. Nikasikia aibu, nikarudi. Sikumwambia mtu. Yeye amekufa akijua nilikataa kuja."

Nyuma ya pazia kitu kimeanguka. Nadhani ni kioo.

Mzee amegeuza kichwa. Anauliza kuna nani huko ndani. Mimi nimeinamia karatasi, naandika tu. Pazia linatikisika. Kilemba ndicho kimetangulia —