Mwambie Njoroge Umeota

Mpendwa Baba,

Habari za Dundori? Miguu ya Mama imepata nafuu? Na viazi, mmeshavuna ama mvua bado inawazungusha? Mimi ni mzima wa mwili, ila naogopa, Baba. Nimekuandikia kwenye simu badala ya kupiga kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia tu.

Kazi yangu hapa Ghuba unaijua. Tunatengeneza ghorofa ndogo ya plastiki pamoja na majirani zake, tunaipulizia upepo ndani ya chumba kirefu, tujue ile yenyewe itayumba kiasi gani. Hii ambayo Njoroge wetu anaifungia vioo tuliipima zamani, ikafaulu. Lakini wakati huo kando yake palikuwa na hoteli kubwa ya kuikinga. Hoteli imebomolewa, na hakuna aliyetuambia.

Unakumbuka Mzee Kariuki alipotaka kukata miti ya mpakani? Alikuja kwetu kwanza, mkanywa chai, akangoja mpaka ukaze mabati ya zizi. Kwetu hakuna anayekata miti bila kumwambia jirani inayemkinga. Huku wanaangusha tu.

Jana nikaing'oa ile hoteli ya plastiki, tukawasha upepo. Baba, ghorofa ilicheza mpaka nikashika meza. Haitaanguka, lakini vioo vya juu vinaweza kung'oka, na Njoroge anavifunga akiwa kwenye jukwaa linaloning'inia nje. Bosi anasema tupime tena wiki ijayo ndipo tuwaambie wenye jengo. Upepo mkali unakuja Alhamisi hii.

Nilimpigia Njoroge, akacheka. "Sista, wacha presha. Hata leo maji kwa ndoo imekuwa ikicheza, na hakuna upepo ya maana. Tumezoea."

Hakujua amenimaliza.

Msalimie Shosho, na Mzee Kariuki pia. Mama msalimie, lakini usimsomee barua hii.

Halafu mpigie Njoroge leo. Usimtajie upepo wala hesabu zangu, atacheka tena. Mwambie umeota. Mara ile ulipoota ameanguka kutoka kwa tangi la maji, alikataa hata kulala kitanda cha juu. Miaka yote hii nimesomea upepo, na bado ndoto yako ndiyo atakayoitii.

Akikubali, nitumie neno moja tu: ameshuka.

Binti yako anayengoja,
Wambui