Mng'ao wa Gari la Baba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na nyingine kutoka kwa mumeo na binti yenu, ambao wanakukumbuka kila jiko linapowashwa. Natumaini mgongo wako umepata nafuu baada ya safari, na kwamba nyonga ya mama haimsumbui sana akiinuka kitini. Niambie kama anakula vizuri. Niambie na wewe kama unalala, maana nakujua, ukiuguza mtu unasahau kwamba nawe una mwili. Sisi huku tupo. Kwa sasa siwezi kusema zaidi ya hapo.

Kabla sijaendelea, nakuomba jambo moja. Lile dumu la maji ya kisima chenu nililompa dereva wa basi awaletee, inuka sasa hivi ulifunge, ulisukume chini ya kitanda chako, halafu urudi kusoma. Najua mama atakuja juu. Jana nilipompigia simu kumwambia paka ametumbukia kisimani, aliweka sauti ya juu ili jirani naye afaidi, akacheka, akasema yeye utotoni alikunywa maji yenye vyura na bado akazaa watu wabishi. Akamweleza jirani kwamba mwanawe ameshagombana na magazeti, na manispaa, na mwenye nyumba wake, na sasa ni zamu ya maji. Kisha akakata. Kwa kuwa simu yako bado iko kwa fundi, naandika, na dereva nimemwomba asiondoke mlangoni mpaka uwe umemaliza.

Jambo lenyewe lilianza na gari la baba. Unalikumbuka lilivyokuwa: bampa mbili za kromu, mikanda myembamba ya kung'aa ubavuni, fremu za madirisha, na vile vifuniko vya magurudumu tulivyokuwa tukijitazamia mpaka nyuso zetu zinapanuka kama maboga. Tangu baba afariki limekaa chini ya turubai, na turubai likatunza unyevu kuliko lilivyotunza gari. Nilipolifunua, kutu ilikuwa imetapakaa kwenye bampa kama upele, na mikanda imefifia kama macho ya mtu mwenye homa. Lakini mama alikuwa amekubali kuja kuishi kwenu, na mimi niliapa kwamba hatafuatwa na gari jingine ila hilo.

Nilianza mwenyewe. Nikaosha kwa sabuni laini, nikasugua kutu kwa foili ya jikoni iliyoloweshwa maji, nikapaka dawa ya kung'arishia. Vifuniko viliitika. Bampa ya mbele haikuitika, nami nikaichukulia kama mtu anayenibishia makusudi. Nikasugua mpaka kromu yenyewe ikaisha na rangi ya shaba ikachungulia. Shemeji alipita, akatazama, akaniambia nasugua chuma kama ninavyoandika, sijui pa kuachia. Akasema niache, kazi hiyo ataifanya yeye.

Nakiri alikuwa na mkono mzuri. Alibandua mikanda kwa kipande cha mti kilichofungwa kitambaa ili rangi isichubuke, akapanga vibanio vyake kwenye sahani, kila kimoja na mahali pake. Nikauliza kromu mpya itatiwa wapi. Akajibu kuna rafiki yake mjini ana mitambo. Sikuuliza jina. Mimi, ambaye ninamuuliza hata muuza magazeti anapotoa karatasi ya kufungia, sikuuliza jina.

Dada, rafiki huyo hayupo. Lile banda nyuma ya jiko lako, ambalo unaamini limejaa mbao na vyakula vya kuku, ndani yake kuna mapipa ya plastiki yaliyokatwa katikati, betri za magari zilizounganishwa kwa nyaya, na maji ya rangi ya chungwa lililoiva, ndiyo dawa ya kutilia kromu. Niliingia siku moja kumtafuta. Harufu ilinikaba koo kabla sijatamka neno. Mumeo alikuwa ameinama juu ya pipa, amevaa glavu zako za kuoshea vyombo, zimetoboka kwenye vidole viwili. Aliniomba nisikwambie, kwa sababu ulishamkataza kuleta kazi za dawa nyumbani. Nikamjibu kwamba ya ndani ya ndoa hayanihusu. Nilijiona mstaarabu.

Zile damu zake za puani ambazo zahanati ilisema ni presha, sidhani tena kama ni presha. Vidonda vyake vya vidole, vile vya duara vinavyochimba kwenda ndani na havifungi, havikutokana na misumari. Nilipomtazama kwa makini niliona alivyochoka. Lakini bampa ilikuwa imetoka kwenye pipa siku hiyohiyo, na macho yangu yakaenda huko.

Ilikuwa na doa, Dada. Ukungu mdogo pembeni, kama mtu amepumulia kioo. Niligeuza ile bampa juani nikaja juu. Nikamwambia baba asingepokea kazi nusu na mimi siipokei, na kwamba nchi nzima imeharibiwa na watu wa kazi nusu. Shemeji akanieleza kwa upole kwamba dawa imechoka, haitaleta mng'ao mzuri zaidi ya huo mpaka imwagwe achanganye nyingine, na kumwaga si jambo la mchezo. Akasema doa litakuwa upande wa chini, mama hataliona. Nikamwambia mimi nitaliona. Nikamwambia amwage.

Akamwaga.

Kazi ya pili haikuwa na dosari. Tulirudisha kila kitu mahali pake, tukapaka nta kwenye bampa na mikanda, tabaka juu ya tabaka, tukafuta kwa fulana kuukuu za pamba. Shemeji alinipa masharti: nisiliache gari na matone ya mvua, nisitumie brashi ngumu, nikipita penye matope nisilale kabla sijaliosha, nisiliguse kwa vidole vyenye jasho. Nilimsikiliza kwa makini. Mikono iliyonielekeza ilikuwa inatoka maji ya vidonda, nami nikaipa kitambaa kisafi ili isichafue kromu.

Asubuhi iliyofuata nikachota kisimani kwenu, nikajaza dumu la mama, kwa kuwa anasema maji ya mfereji ya huko yana ladha ya msumari. Dumu lenyewe ni lile la njano la mafuta ya kupikia. Kwa hiyo sikuona kitu.

Aliyeona ni binti yenu. Alifua shati lake jeupe la shule, akalianika, likakauka na rangi ya manjano. Akaja kuniuliza mimi mjomba wake kama sabuni imebadilishwa. Mikono yake ilikuwa na vipele mpaka kwenye viwiko. Nikachota ndoo nikaimimina kwenye beseni jeupe, na maji yakatulia pale yakiwa na rangi ya mkojo wa mgonjwa.

Hakuna paka, Dada.

Mumeo alimwaga dawa kwenye lile shimo la zamani nyuma ya banda, akidhani limekauka na halina njia. Lina njia, mpaka kisimani. Nilipomwita kwenye beseni alikaa chini kwenye vumbi, akaanza kulia, na damu ikamtoka puani. Habari ya paka ni yake. Alisema tukae nayo mpaka maji yajisafishe, kwani majirani wakijua watamfunga, nawe hutamsamehe. Nami nikaibeba habari hiyo mpaka kwenye simu ya mama. Mimi niliyekiandama kile kiwanda cha ngozi gazetini, mwaka hadi mwaka, kwa sababu ya mto.

Kisima nimekifunika kwa turubai la gari. Upepo ulikuwa unalipeperusha, nikaing'oa bampa ya mbele nikaigandamiza juu yake. Inang'aa mpaka barabarani. Binti yenu nimempeleka hospitali, wamemtoa damu, tunasubiri majibu. Dereva ameanza kupiga honi. Akiondoka na barua hii, naanza kugonga mlango wa kila mtu anayechota hapa, maana wengine wana ndoo za juzi ndani. Nimemwambia shemeji. Alikwenda kukaa garini, kiti cha nyuma, na bado yuko humo.

Yale maji usiyamwage popote, hata kwenye maua. Kuyachemsha hakusaidii. Mpeleke mama hospitali leo, uwaambie ni dawa ya kromu, uwaonyeshe barua hii wakibisha. Wewe nawe upimwe, umekunywa maji ya uani kwako muda wote ambao banda limekuwa likifanya kazi.

Nilikuuliza hali mwanzoni kama watu wanavyoulizana. Sasa nakuuliza tena, na ninataka jibu kwa dereva huyuhuyu. Mikono ya mama inamwasha? Pua yake ikoje? Jana kwenye simu, kabla hajanicheka, alisema chai ya asubuhi ilikuwa tamu ajabu. Sikumuuliza imepikwa kwa maji gani. Niliogopa kujibiwa.

Msalimie. Mwambie safari hii simgombezi mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi