Mfumo Unaotuma Hongera

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mfumo, mfumo, mfumo. Kutwa nzima. Injinia Oswaldi karudi semina Mbeya na hilo neno kaja nalo kama mtu aliyeokota mbwa, sasa lazima wote tumpapase. Eti kampuni zote za maana za kuchora majengo na kuyasimamia zina mfumo. Miradi inakaa humo, saa za kila mtu humo, wateja humo, invoisi humo, nani kafanya nini humo. Sisi tuna nini? Akanyoosha kidole. Sisi tuna Mama Evodia!

Wakacheka. Mama Evodia mwenyewe akaendelea kugonga mihuri.

Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Sikucheka. Sichekagi ofisini. Dada Rhoda anasema Mayunga meno yake kayaweka akiba.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili hapa Mazwi, juu ya duka la mbegu. Injinia. Dada Rhoda anayechora. Mama Evodia karani. Na mimi wa pikipiki, chai, na kushika ile fimbo ndefu ya kupimia wakienda saiti. Watu wanne! Ukitaka kujua mwenzako anafanya nini si unageuza shingo tu.

Mchana Mama Evodia alimpigia Mzee Wilibrodi wa Pito, yule tunayemsimamia nyumba. Kuuliza rangi ya bati. Kwanza habari za mahindi. Halafu miguu ya Mama Fransiska, mkewe. Halafu ndama. Bati likaja mwisho, karibu lisahaulike. Injinia katoa macho hadi simu inakatwa. Akasema hapo ndipo muda wa kampuni unapopotelea, kwenye ndama.

Yeye kwenye semina nzima karudi na mfuko wa kitambaa na kalamu tu.

Jumanne, 10 Juni

Injinia katoa kipimo. Mfumo ambao Mayunga hatauweza hatununui, na Mayunga akiuweza basi hata mbuzi wa jirani atauweza. Kasema mbele yangu. Kama mimi ni ndoo wanaijaribu kama inavuja.

Darasa la tano baba alinitoa nikachunge ng'ombe, tukahama nao mpaka huku. Wote wanajua. Haikuhitaji kutangazwa na mbuzi.

Wa kwanza kujaribiwa ni ule anaoutaka dada Rhoda. Anausifia rangi zake! Kuna binti anaitwa Faith yuko Dar, anatuonyesha kwa video, kila sentensi anamaliza na "okei?" Picha za wazungu wamevaa kofia ngumu wanaichekea karatasi. Nani anaichekea karatasi? Dada Rhoda akajaza mradi wa Pito. Ukadai namba ya posta. Hakuna aliyeijua, akabandika sufuri, ukakataa. Akabandika namba ya simu ya shemeji yake, ukakubali. Ndio akili yenyewe hiyo.

Halafu nikapewa mimi. Kiingereza kitupu. Jasho, na baridi yote hii. Nikagusa mahali, ukurasa ukawa mweupe, alichojaza dada Rhoda hakipo. Kicheko mpaka wa duka la mbegu akapanda kuuliza kulikoni. Injinia akasema basi, huo umekufa. Dada Rhoda hajaniambia asante ya chai mpaka sasa.

Alhamisi, 12 Juni

Kaja Steven na mfumo wake. Katoka Mbeya na gari, viatu vimechongoka mbele kama mdomo wa korongo. Upepo wa leo ulikuwa wa kung'oa masikio, yeye na shati la mikono mifupi, anatetemeka huku anatabasamu.

Ila wa kwake ni Kiswahili. Lazima niseme ukweli hapa, humu hakuna mtu anayesoma.

Majaribio ni bure kwa akaunti moja tu. Ukitaka kila mtu na yake, ulipie. Injinia akasema ya nini, wote tuingilie ya Mama Evodia. Paswedi ikaandikwa kwa maka pen kwenye kalenda ya ukutani. Kwa hiyo ndani ya mfumo wote sisi ni Mama Evodia. Injinia ni Mama Evodia. Mimi na ndevu zangu tatu ni Mama Evodia. Kampuni ya kisasa hiyo!

Steven akamwambia mama ampigie mteja yeyote, yeye atapima kwa saa. Akapiga. Mahindi, wajukuu, kifua cha mtu. Steven akamuonyesha Injinia saa, wakaguna pamoja. Akasema mfumo hauna haja ya yote hayo. Kazi ikiisha unabonyeza IMEKAMILIKA, na kila Jumamosi asubuhi, watu wametulia majumbani, wenyewe unawatumia wateja ujumbe mzuri. Hakuna mtu kugusa.

Nikaitwa. Nikakaa kwenye kiti cha Mama Evodia, kwenye kimto chake cha kitenge. Steven akasema chagua mradi wowote, bonyeza popote, ni demo hii, usiogope. Miradi yetu na namba za wateja walishaziingiza humo; nikachagua nyumba ya Pito kwa sababu naijua. Paa. Imekamilika. Basi kioo kizima kikamwaga maua ya karatasi! HONGERA! Kengele ikalia.

Paa lenyewe hata bati moja halijapanda. Lakini ni demo.

Wakapiga makofi. Injinia akanishika bega — hajawahi kunishika. Akasema tukiuchukua huu, Mayunga ndiye atakuwa msimamizi wa mfumo, atakaa pale pale. Pale pale ni kwenye kiti cha mama. Mama mwenyewe kaambiwa "utapumzika sasa, umefanya kazi sana". Wakubwa wakitaka kukufukuza wanakuonea huruma kwanza.

Nimewacheka moyoni wote. Ila nikirudi nyumbani na pikipiki nilikuwa napiga mluzi. Msimamizi wa mfumo.

Ijumaa, 13 Juni

Mzee Wilibrodi wa Pito kafariki. Presha, usiku wa kuamkia leo. Mama Evodia ndiye kapigiwa, si Injinia.

Injinia kasema kesho hawezi kwenda kuzika, yuko na Steven wanaangalia mkataba. Dada Rhoda ana mafua. Nimpeleke mama.

Jumamosi, 14 Juni

Msiba ulikaa kwenye ile nyumba tunayoisimamia. Kuta zimesimama, juu mbingu. Walifunga turubai la bluu upande walipokaa wanawake, upepo unalipiga pa, pa, padri anapandisha sauti.

Tulikuwa tunasubiri ndugu wa Mpanda wafike ndio jeneza litoke. Simu ya marehemu alikuwa nayo mjukuu, Klementina, binti wa kama darasa la saba. Ikalia ujumbe. Mzee mmoja akamwambia soma kwa sauti, labda ni hao wa Mpanda wanasema wamefika wapi.

Akasoma. Shuleni wanawafundisha kusoma kwa sauti, akasoma vizuri sana.

"HONGERA WILIBRODI! Nyumba ya ndoto zako imefika hatua ya PAA. Tabasamu! Ni mimi wako, Evodia."

Watu walitazama juu, pale ambapo paa halipo. Halafu wakamtazama Mama Evodia. Mama Fransiska akajifunika khanga uso wote.

Mimi nilikuwa nimesimama na vijana wa kaburi. Yale maneno nayajua. Ni yale yale ya Alhamisi, nilibonyeza mimi. Kidole hiki.

Mama akasema taratibu kwamba hajatuma. Lakini jina ni lake. Mwanamke mmoja akasema Kifipa kitu kifupi, wenzake wakaguna, wakamgeuzia mama mgongo.

Nimeandika inatosha.

Jumapili, 15 Juni

Nimeosha pikipiki. Ilikuwa safi.

Jumatatu, 16 Juni

Injinia alishasikia. Mji huu!

Akafunga mlango ila ukuta wetu ni mbao laini, unasikia mpaka mtu anavyomeza. Steven alikuwemo. Akasema mashine haikosei, anakosea mtu, na akaunti inaonyesha ni Evodia. Injinia akasema kweli, mama, jina ni lako pale. Huyo huyo aliyesema wote tuingilie ya mama! Na paswedi iko ukutani juu ya kichwa chake, kwa maka pen.

Nikangoja mama aseme, wote tulikuwa tunaingia humo. Angalau hilo. Alisema kesho ataenda Pito kuomba radhi.

Injinia akamwambia aende kwa niaba yake yeye mwenyewe, si ya kampuni. Na kwamba Jumatano mkataba unasainiwa, na baada ya hapo itabidi waongee naye habari ya kupumzika, mapema kuliko walivyopanga.

Dada Rhoda alikuwa anachora ngazi. Akaongeza sauti ya redio. Mwoga.

Na mimi je. Nilikuwa naosha vikombe. Vikombe visafi.

Steven akitoka alinipa soda. Akasema, "Bosi mtarajiwa." Nikaipokea. Nikainywa.

Jumanne, 17 Juni

Tumeenda Pito. Mama kabeba unga wa ulezi kwenye kapu, mimi naendesha. Mashamba yameshavunwa, ni mabua tu na vumbi.

Mama Fransiska alikuwa kwenye mkeka chini ya lile turubai. Mama Evodia hakuingia. Alichuchumaa mbali, pale pale kwenye vumbi, akapiga makofi taratibu, yale ya Kifipa, viganja vimekunjwa, yanatoa sauti nzito. Hapo mwenye nyumba anatakiwa ajibu kwa makofi yake. Bila hivyo huendi mbele.

Mama Fransiska akafuta vumbi mkekani.

Akapiga tena. Magoti yake ni mabaya, namjua, akipanda ngazi za ofisi anapumzika katikati. Alikaa hivyo hivyo. Na mimi nikachuchumaa nyuma yake. Sisi Wasukuma hatuna hiyo ila nilichuchumaa, ningesimamaje.

Akasema ujumbe ulitoka kwa jina lake, kwa hiyo kosa ni lake, hana neno lingine. Mama Fransiska akajiweka sawa mkekani. Akasema marehemu alikuwa akisifia simu zake, kwamba yule mama wa ofisini ananiulizia ndama kwanza. Akasema ndio maana imeniuma. Angekuwa mtu mwingine nisingejali.

Halafu akajibu makofi. Kidogo tu, kama mtu anakung'uta unga mikononi. Unga akapokea. Hatukukaribishwa kukaa.

Kurudi, kabla hatujaingia lami, mama akanigusa mgongoni. Nikapunguza mwendo.

"Mayunga. Alhamisi nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikuwa nakusanya vikombe."

Nilitaka kusimamisha. Mkono ukakataa.

"Endesha tu baba, usikimbize," akasema. "Hapo mbele kuna mchanga."

Basi. Nikamshusha Mazwi, akasema asante kama siku zote.

Alijua! Jumatatu mle ndani alijua. Kwenye vumbi alijua. Nimejaribu kumdharau, kwamba mjinga huyu mama, si angesema tu. Wengine wote nawaweza. Yeye nimeshindwa.

Jumatano, 18 Juni

Naandika haraka, nipo kwenye ngazi.

Leo ndio kusaini. Injinia kavaa tai. Kaita wateja wawili wakubwa waje waone kampuni inavyoendelea, mmoja mwenye mashine za kusaga, mwingine wa kutoka parokia. Projekta ya kuazima. Steven kapaka viatu mafuta. Soda mezani, na mimi sikuambiwa kuzigawa! Kaambiwa mama azigawe. Mimi nimekalishwa kitini. Kimto cha kitenge bado kipo, hajakitoa.

Injinia kawaambia wageni kisa chote cha kipimo. Mbuzi, darasa la tano, vyote. Wakacheka. Akasema huyu kijana hajui kitu lakini mtamuona. Yule wa parokia akauliza kwa upole, na habari ya ule ujumbe wa msibani Pito, tuliousikia? Injinia akasema lile ni kosa la kibinadamu la karani wetu, limeshughulikiwa, anatuacha mwisho wa mwezi. Mama alikuwa anamfungulia huyo huyo soda. Akamfungulia. Akafuta na meza.

Mkataba uko kwenye meza, kalamu ya semina juu yake.

Injinia akanigeukia, akasema, "Haya Mayunga, waonyeshe. Bonyeza vile vile ulivyobonyeza Alhamisi."

Vile vile nilivyobonyeza Alhamisi! Kasema kwa mdomo wake, mbele ya watu, na hajasikia alichosema. Steven kasikia. Nimemuona uso, tabasamu limekwama. Anajua siku ile nilibonyeza nini. Akaanza haraka haraka kusema labda tuchague mradi mwingine.

Na umeme ukakatika.

Injinia kasema tusubiri, jenereta la duka la mbegu linawashwa. Nimetoka nikasema naenda haja. Steven kanifuata mpaka mlangoni, kaniambia kwa chini, "Mshikaji, wewe bonyeza tu, usiongee. Kiti chako hicho."

Mimi kuongea. Huwa naongea lini?

Sentensi yenyewe ni fupi. Nimeijaribu hapa ngazini, inatoka sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Alhamisi nilibonyeza paa la Pito. Hiyo tu. Mtoto anaiweza.

Jenereta limewaka. Naona mwanga chini ya mlango.

Mama Evodia ametoka na chupa tupu. Kanipita hapa nilipokaa, kashika ukuta, magoti yale. Hajaniangalia. Kasema tu, "Wanakuita, baba." Nainuka; nikiingia naanza na ile sentensi, kabla ya kubonyeza.