Jagi la Asumini Lililomwagwa

Jumapili, alasiri. Mawingu yametanda Bagamoyo tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nami nimejaa vivyo hivyo.

Nina hasira. Naandika hapa kwa sababu mdomo wangu leo ulikataa kazi.

Asubuhi walikuja wageni kutoka Pangani kuleta posa ya dada Mwanaidi. Kwa wageni wa namna hiyo Bibi huandaa maji ya asumini. Jana nilichuma maua yangali matumba, Bibi akayatia kwenye jagi la maji, akafunika kwa kitambaa. Hufumbuka humo humo, na alfajiri lazima yatolewe, yakikawia maji huwa machungu. Niliyatoa mwenyewe, moja moja.

Shangazi Zuhura, bintiye Bibi, anafanya kazi hoteli ya ufukweni. Alikuja na chupa ya sharubati ya maua ya elda, kichaka cha Ulaya. Akanusa jagi letu.

"We Salma, tuwape watu maji yanayonuka kama ya kuoshea maiti? Watatucheka hawa!"

Akayamwaga uani. Nilisimama pale pale, nimeshika sinia.



Sharubati yenyewe tamu, sitasema uongo. Nililamba kijiko mara mbili. Chupa imeandikwa: maua meupe, yameloweshwa na sukari na malimau. Kumbe hata huko kuna mtu anachuma na kulowesha kama Bibi! Sina ugomvi na ua.

Mama wa mposaji alionja, akasifu, kisha akamgeukia Bibi. "Lakini mama, mie nilikuja na kiu ya yale maji yako ya asumini."

Bibi akaniangalia. Shangazi akawahi, huku anacheka: "Wajukuu wa siku hizi, mama! Kayamwaga huyo, akili yote iko vitabuni."

Wageni wakacheka. Bibi akasema tu, "Haya."

Walipoondoka, alimpa Mwanaidi jagi aoshe. Jagi hilo huwa naliosha mimi.

Nusu ya hasira ni juu ya Shangazi. Nusu ni juu yangu mwenyewe, niliyeinamisha kichwa kana kwamba kweli niliyamwaga. Nimelelewa kwamba mkubwa hakanushwi mbele ya wageni. Sawa. Wageni wameshakwenda.

Shangazi bado yuko sebuleni na Bibi. Matumba ya leo yako tayari mtini. Naenda kuyachuma, nikirudi nayaweka mbele ya Bibi, na Shangazi akiwa hapo hapo nitasema: "Bibi, sikuyamwaga mimi."

Maneno matatu tu. Ewe sauti, usinitoroke tena.