Rota Iliyong'olewa

Jumatano, Nanyala, 1982

Nilipiga stata hadi betri ikachoka. Injini inazunguka lakini haiwaki, na binti yangu Tabitha kashikwa na uchungu, kalazwa juu ya lori la kijiji akisubiri kupelekwa hospitali.

Petroli inafika. Plagi hazitoi cheche. Nikafungua distributa, rota, kile kidude kinachogawa umeme kwenye plagi, hamna! Huwa naing'oa nikilala Tunduma, lori lisiibwe, na ujanja huo nilimfundisha mtu mmoja tu: shemeji yangu Lazaro.

Majirani wakambeba Tabitha kwa machela. Akajifungua kando ya barabara. Wote wazima, asante Bwana, lakini ingekuwa...

Jioni Lazaro kaja na rota mfukoni. Ya gari lake ilipasuka, akachukua yangu alfajiri avuke mpaka kutafuta sabuni.

"Shemeji, nilijua Jumatano hutoki na lori."

"Ungeniamsha."

"Ungekataa."

Kweli, ningekataa. Na Jumapili tulishiriki kikombe kimoja kanisani.

Kaacha mche wa sabuni. Madukani haipo, mke wangu kaupokea. Lazaro ni kaka yake. Mjukuu kaogeshwa nao. Nimempakata, nikasikia harufu ile, na sala ya kusamehe nikaiacha katikati.