Utosi wa Kurwa, Utosi wa Doto

Jumatatu, 24 Julai 1905

Mizizi ya vitunguu leo mizuri. Mirefu, myeupe. Nimeikata asubuhi na mapema kama anavyotaka Bwana Mizizi, Mdachi wetu anayechunguza mimea. Kila ncha nikaibana ndani ya bua la mtama, nikapitisha wembe. Vipande vyembamba, ukivipulizia vinaruka. Alikuja na mashine yake ya kukatia kutoka Udachi, ikala kutu hapa Nyamisati, ndipo akatafuta kinyozi. Kinyozi mzima nanyoa vitunguu. Barazani wananicheka, na mimi najicheka.

Baada ya kutia rangi alinipisha nitazame kwenye darubini yake. Mzizi umejengwa kwa vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na kiini chake. Chumba kikitaka kuzaa, kiini kinageuka nyuzi. Nyuzi zinanenepa, zinajipanga katikati, kila uzi unapasuka kwa urefu wake, nusu huku, nusu huku. Halafu ukuta unapita kati. Vyumba viwili, na kila kimoja kina nyuzi zote alizokuwa nazo mama yao. Hakuna aliyepunjwa. Havitembei, rangi imekwisha viua. Unaona kimoja kimeanza, kingine kimefika nusu ya kazi, unaunganisha mwenyewe. Bwana anasema mzizi hurefuka hivyo, na sisi watu tulikua hivyo hivyo.

Naandika tarehe za Kizungu kwa kuwa ndizo ninazoandika kwenye chupa zake kutwa. Herufi ni za Kiarabu, za chuoni. Bwana hawezi kuzisoma.

Mwanangu Kurwa hajaonekana nyumbani tangu Ijumaa. Mama yake anasema kaenda kuvua. Nyavu zake ziko darini, nimeziona.

Alhamisi, 27 Julai

Hakwenda kuvua. Kaenda Ngarambe kunywa maji ya dawa, yeye na vijana wengine wa upande wa Kibiti. Mke wangu alijua tangu mwanzo. Nimemkasirikia hata chakula kimenishinda.

Ninaelewa kwa nini kaenda. Mgongo wake haujapona viboko vya shamba la pamba la akida. Kuelewa hakunipunguzii hofu.

Doto, pacha wake, alipita kituoni kwa Bwana na boriti begani. Bwana alimtazama sana, akaniuliza mbona Ijumaa alimwona huyu huyu barabarani akielekea kusini, na saa ile ile akamwona hapa kituoni. Nikasema wako wawili. Sikusema zaidi. Akafurahi mno, akaacha mizizi yake. Akasema pacha wa sura moja wametoka katika mbegu moja. Chumba kimoja kiligawanyika kama vile vya kitunguu, tena na tena, halafu donge zima likaachana, kila upande ukaendelea kivyake. Walianza mtoto mmoja, akawa wawili.

Sikulipenda neno hilo. Kurwa ni Kurwa, ndiye aliyetangulia kutoka. Doto ni Doto. Mama yao mwenyewe huwachanganya wakiwa wamenyamaza, lakini mimi nimewanyoa tangu nywele za uzazi. Utosini, pale nywele zinapozunguka, za Kurwa huzungukia kulia. Za Doto kushoto. Sijakosea hata mara moja.

Jumapili, 30 Julai

Kwa Wamatumbi wameng'oa pamba. Wasafiri wote wanasema hivyo. Bwana kafunga makasha mawili, kisha kayafungua. Leo nimejikata kidole. Mimi, kujikata.

Jumatano, 2 Agosti

Kurwa alikuja baada ya adhuhuri. Bua la mtama kalizungusha kichwani kama wote waliokunywa maji, macho makavu. Hakutaka kukaa mkekani. Mama yake alimletea uji, akasema kuna miiko, hawezi kula.

Anasema risasi zitageuka maji. Nilimwambia maji nayajua, nimeyatazama kwa darubini, ya mtoni na ya kisimani. Yana vidudu vinavyojigawa viwili viwili kama vyumba vya kitunguu. Uhai umo. Kinga sikuiona.

"Baba, wee umetazama maji ya Mdachi," akasema. "Yetu hujayatazama."

Doto alikaa kizingitini, akisikiliza. Nikaona ameanza kuyumba. Nikamwambia Kurwa aondoke asije akamchukua na mwenziwe. Nimemfukuza mwanangu nyumbani. Alikwenda bila kugeuka nyuma, nadhani huo nao ni mwiko.

Jumamosi, 5 Agosti

Ghala la pamba la akida limechomwa. Mlinzi kaponea chupuchupu. Sura aliyoishika ni moja tu, ya Kurwa. Askari wameingia asubuhi, mkubwa wao wanamwita Shaushi. Wanatafuta mtu mwenye sura hiyo na nywele nyingi.

Nimemwita Doto, nimemkalisha kwenye kigoda, nimemnyoa upara. Sikumkwaruza hata mara moja. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwa mara ya kwanza leo nimepumua. Nikamwambia akate boriti zake, atembee mchana kweupe, asijifiche.

Jumapili, 6 Agosti

Mwuza samaki anasema vijana wa Ngarambe wote walinyolewa siku ile ile ya kwenda ghalani, kabla ya kuondoka. Wote. Mlinzi alisahau, sasa kakumbuka. Shaushi anatafuta kijana mwenye upara.

Mimi ndiye niliyemnyoa.

Jumanne, 8 Agosti

Wamemkamata Doto kwenye mikoko, shoka mkononi. Akasema yeye Doto. Shaushi akasema kila anayekamatwa ana jina lingine.

Nilimkimbilia Bwana Mizizi. Alikuja, kweli alikuja, akasimama mbele ya Shaushi na kofia yake mkononi. Akamweleza kuwa wako pacha wawili. Shaushi akamwuliza, je, wewe unaweza kuapa kwamba huyu siye? Bwana ni mtu wa kweli. Akasema hawezi. Wametoka mbegu moja, jicho haliwapambanui. Nilitamani adanganye. Nimemchukia kwa ukweli wake na bado namchukia.

Nikasema mimi nawajua kwa utosi. Shaushi akatazama kichwa cha mwanangu, kinang'aa kama yai. Nimenyoa ushahidi wangu kwa wembe wangu. Akacheka. Akasema basi tungoje ziote, na kamba nayo ingoje.



Alhamisi, 10 Agosti

Kazi kama kawaida. Vitunguu. Nimeharibu ncha nyingi. Bwana hakunikaripia. Nilitazama kwenye darubini chumba kilichokwisha gawanyika, ukuta umesimama kati. Nikamwuliza kama vyumba viwili vinaweza kurudi kuwa kimoja. Akasema havirudi.

Jumamosi, 12 Agosti

Naandika ili nisipasuke.

Kurwa kajisalimisha. Alisikia kuwa mwenziwe kashikwa kwa ajili yake, akatoka porini peke yake, hana hata fimbo. Akasema mbele ya watu wote, "Mie ndiye Kurwa. Mwacheni huyo." Doto, mjinga wangu, mpenzi wangu, akainua kichwa akasema, "Mwongo. Kurwa mie."

Wakabishana hivyo, mikono imefungwa. Wamekonda sawasawa, vichwa vimeanza kuota nywele sawasawa. Shaushi hakucheka tena. Akaniita. Akasema mwenye kosa atanyongwa, asiye na kosa atakwenda nyumbani, na wewe ulisema unawajua. Haya, sema.

Niliweka mkono juu ya kichwa cha wa kwanza, kisha cha wa pili. Nywele zilikuwa fupi kama za mtoto wa arobaini, lakini kwa kidole changu zilitosha. Nilijua papo hapo. Yule wa kushoto kwangu Kurwa, wa kulia Doto. Wote wawili walinitazama, na kila mmoja alinisihi kwa macho nimtaje yeye. Mama yao alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

Nikasema sijui.

Shaushi aliniangalia sana. Nadhani alijua nasema uongo. Akasema yeye hana haja ya kubahatisha, ana mizigo mingi ya kwenda kusini na wapagazi wanamtoroka. Basi wote wawili. Akawatia mnyororo mmoja, shingo kwa shingo.

Kwa neno lile nimemwokoa Kurwa na kitanzi. Kwa neno lile lile nimempeleka Doto vitani, naye angekuwa hapa sasa anakula wali wa mama yake. Nimefanya yote mawili kwa mara moja.

Jumatatu, 21 Agosti

Bwana Mizizi ameondoka na makasha yake kwenda Dar es Salaam. Kaniachia vitunguu na wembe mzuri. Nyumbani kwake wamelala askari. Mke wangu leo kaniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Ningesema sijui na mie." Kisha akalia, nami nikalia.

Jumapili, 17 Septemba

Hakuna habari. Wanasema kusini wanachoma mashamba na maghala, njaa inakuja. Wapagazi wanaanguka njiani.

Jumanne, 10 Oktoba

Hakuna.

Ijumaa, 10 Novemba

Mwezi wa Ramadhani. Alirudi jana jioni, watu wanajiandaa kufuturu. Mmoja. Kovu la mnyororo shingoni, nywele zimekuwa msitu. Mama yake alipiga magoti mchangani, akamshika miguu.

Akasema, "Mie Doto. Kurwa homa ilimchukua njiani. Tulimzika wenyewe." Hakusema zaidi. Ni jina la usalama, hakuna anayelitafuta. Majirani wamekuja kutoa pole na pongezi kwa wakati mmoja.

Leo baada ya sala alinijia na kigoda. Akakaa, akainamisha kichwa. Nilichovya maji, nikalainisha nywele, nikazichambua utosini kama nilivyofanya maisha yake yote.

Zinazungukia kulia.

Wembe ulisimama. Aliusikia umesimama. Mabega yake yalikaza, hakugeuka. Doto wangu yuko kusini, mahali nisipopajua, na mimi ndiye niliyempeleka. Na huyu aliye chini ya mkono wangu ni mwanangu vile vile.

"Nyoa, Baba," akasema.

Nilimnyoa taratibu, upande hata upande, mpaka pasionekane kitu. Nikafuta wembe. Magharibi mama yake aliandaa futari, akaniambia nimwite mtoto.

Nilimwita Doto. Akaitika.